Kompyuta Inapomkataa Mwenyewe Baada ya Sasisho: Mwongozo kwa Watumiaji wa Windows

Mtumiaji wa Windows ambaye jana aliingia kwenye kompyuta yake bila taabu, na leo, baada ya mashine kujizima na kujiwasha usiku ili kukamilisha sasisho, anakuta nywila yake haikubaliki au uso wa kompyuta umekuwa mtupu, hujiwa na mawazo mawili kwa pamoja: kwamba amesahau nywila, au kwamba mafaili yake yamepotea. Mara nyingi yote mawili si kweli. Sasisho ni furushi la marekebisho ambalo mtengenezaji wa mfumo hulituma kupitia intaneti ili kuziba mianya ya usalama na kubadilisha sehemu za programu. Hugusa mafaili ya mfumo wenyewe, na kwa kawaida haligusi hati, picha wala nywila ya mwenye mashine. Linapotoka na kasoro, kinachoharibika aghalabu ni njia ya kuvifikia vitu hivyo. Ndiyo maana ushauri unaotolewa upesi na mafundi wengi, ule wa "kupiga Windows upya", yaani kufuta diski na kuweka mfumo mpya, unapaswa kuwa wa mwisho kabisa, kwa kuwa kati ya tiba zote huo ndio unaoteketeza kile ambacho kasoro yenyewe ilikiacha salama.

Kabla ya kubonyeza chochote, inafaa kutambua mashine inakwama wapi. Inaweza kukwama kabla ya skrini ya kuingilia kutokea, ama kwa kuonyesha maneno ya hitilafu, ama kwa kudai ufunguo ambao mtumiaji hajawahi kuusikia. Inaweza kufika kwenye skrini ya kuingilia na kukataa nywila. Au inaweza kukubali kila kitu kisha ikampeleka mtumiaji mahali pasipo pake. Kwa mwenye haraka hali hizo zote huitwa "haingii", ingawa chanzo cha moja hakifanani na cha nyingine, na tiba ya moja ikitumiwa kwa nyingine huweza kuzidisha madhara. Ni vyema basi kupiga picha ya skrini kwa simu, pamoja na maneno yote ya hitilafu, na kuandika tarehe tatizo lilipoanza, kwa sababu kila sasisho la Windows lina namba inayoanza kwa herufi KB, na namba hiyo ikijulikana, mtu anaweza kutafuta kwa simu iwapo Microsoft imekwisha kukiri kasoro yake na kutoa marekebisho.

Nywila sahihi inayokataliwa

Penye skrini ya kuingilia, jambo la kwanza la kuchunguza ni kibodi. Sasisho kubwa linaweza kubadilisha mpangilio wa kibodi, yaani jedwali linaloiambia kompyuta kila kitufe kimaanishe herufi gani, na kwa kuwa nywila huonekana kama vitone tu, mtumiaji hana njia ya kujua kwamba anachoandika sicho anachodhani. Katika mpangilio wa Marekani, kitufe cha Shift pamoja na 2 hutoa alama ya @. Katika mpangilio wa Uingereza, vitufe hivyohivyo hutoa alama ya nukuu. Mwenye nywila yenye @ anaweza kuiandika mara kumi bila kukosea kitufe hata kimoja, na bado akakataliwa. Kwa watumiaji wa Bujumbura au Lubumbashi, ambako kibodi za Kifaransa ni za kawaida, tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa A na Q hubadilishana nafasi na tarakimu huhitaji Shift. Dawa yake ni kubofya alama ndogo ya jicho iliyo mwishoni mwa kisanduku cha nywila ili maandishi yaonekane, na pasipo jicho hilo, kuangalia kifupisho cha lugha kilicho chini upande wa kulia na kukibadilisha.

Kibodi ikiwa haina hatia, linafuata suala la PIN, ile namba fupi ambayo wengi huitumia badala ya nywila ndefu. PIN huhifadhiwa ndani ya mashine yenyewe tu, ikilindwa na chipu ya usalama iitwayo TPM, na sasisho linapovuruga uhusiano kati ya Windows na chipu hiyo, skrini hueleza kwamba PIN haipatikani. Nywila ya akaunti haihusiki na uharibifu huo. Mtumiaji anapaswa kubofya maneno "Sign-in options", kuchagua alama ya ufunguo inayowakilisha nywila, kuingia kwayo, kisha kutengeneza PIN mpya akiwa ndani.

Hata hapo kuna mtego unaostahili kutajwa. Sasisho la majaribio KB5064081, lililotolewa tarehe 29 Agosti 2025 kwa Windows 11, lilikuwa na kasoro iliyoifanya alama ya nywila isionekane kwenye skrini ya kuingilia pale ambapo mashine ina njia zaidi ya moja za kuingia. Alama haikuwa imeondolewa. Ilikuwapo palepale, ila haikuchorwa. Mtu akisogeza kishale hadi kwenye nafasi tupu iliyo kando ya alama nyingine, kitufe hujitokeza, naye akikibofya hupata kisanduku cha nywila kama kawaida. Asiyelijua hilo angeweza kuhitimisha kwamba mashine imemfungia nje, akaipeleka kufutwa.

Ipo pia hali ya nywila kubadilishwa mahali pengine. Mwenye akaunti ya Microsoft akibadilisha nywila kwa simu, kompyuta isiyo na intaneti huendelea kuitambua ile ya zamani, kwa kuwa haijapata habari. Alama ya mtandao iliyo kwenye skrini ya kuingilia huruhusu kuunganisha Wi-Fi kabla ya kuingia, na kama bando limekwisha, nywila ya zamani bado inafaa kujaribiwa.

Maabara za shule, vituo vya mafunzo na ofisi ndogo zina tatizo lao, linalohitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu chanzo chake ni desturi ya kazi. Ili kuokoa muda, fundi huandaa mashine moja, kisha hunakili diski yake kwenye nyingine zote. Kila Windows inapowekwa hujipa namba ndefu ya utambulisho inayoanza kwa S-1-5-21, na ipo programu ya Microsoft iitwayo Sysprep, ambayo kazi yake ni kuifuta namba hiyo kabla ya kunakili, ili kila mashine ijitengenezee yake. Sysprep ikirukwa, chumba kizima hubaki na utambulisho mmoja, na kwa miaka mingi jambo hilo liliweza kupita bila madhara ya wazi. Masasisho yaliyotolewa kuanzia 29 Agosti 2025 kwa Windows 11 matoleo ya 24H2 na 25H2, na kwa Windows Server 2025, yalianza kuikagua namba hiyo, na mashine mbili zenye namba moja zikaanza kukataliana: mtumiaji anapotaka kufikia folda ya pamoja au kuingia kwenye mashine nyingine kwa mbali, huandika nywila sahihi na kuulizwa tena na tena. Njia ya kulithibitisha ni kufungua dirisha la amri ("Command Prompt") kwenye mashine mbili, kila moja kwa akaunti yake ya ndani, kuandika whoami /user, na kulinganisha namba zinazotokea bila kuhesabu kundi la mwisho. Zikilingana, kubadilisha nywila hakutasaidia kitu, na tiba ya kudumu ni kuandaa upya nakala kwa kutumia Sysprep. Ni kazi ngumu kwa mwalimu mwenye mashine thelathini, lakini ni heri ijulikane mapema kuliko kupoteza juma zima kwa kutafuta kosa ambalo halimo kwenye nywila.

Kuingia mahali pasipo pako

Hali inayotisha kuliko zote ni ile ya nywila kukubaliwa na mtumiaji kujikuta mbele ya eneokazi geni. Eneokazi, yaani uso wa kwanza unaoonekana baada ya kuingia, huwa na picha ya kiwandani, alama za programu hazipo, na folda ya nyaraka ni tupu. Ndivyo ilivyowatokea baadhi ya watumiaji wa Windows 10 baada ya sasisho KB4532693 la tarehe 11 Februari 2020. Ili kuielewa hali hiyo, ni lazima kujua kwamba kila mtumiaji ana wasifu, ambao ni folda yenye jina lake ndani ya C:\Users, pamoja na kumbukumbu katika rejesta ya Windows, ile hazina ya mipangilio ambamo mfumo huandika ni folda ipi ya nani. Sasisho likivuruga kumbukumbu hiyo, Windows hushindwa kuupata wasifu halisi, na badala ya kumzuia mtumiaji humtengenezea wasifu wa muda. Folda halisi hubaki kwenye diski. Katika tukio la 2020 baadhi ya watumiaji waliikuta imebadilishwa jina na kuishia kwa .000 au .bak.

Katika hali hii kuna katazo moja lisilo na mjadala: mtumiaji asianze kazi ndani ya wasifu wa muda, kwa sababu kila kinachohifadhiwa humo hufutwa anapotoka. Afungue C:\Users, atafute folda yenye jina lake, ahakikishe nyaraka zimo, na kama ana flashi au diski ya nje, azinakili mara moja. Baada ya hapo aiwashe mashine upya, hata zaidi ya mara moja, kwa kuwa wakati mwingine wasifu hushindwa kufunguka kwa sababu tu programu nyingine, hasa ya kuzuia virusi, ilikuwa imeshikilia faili lake wakati wa kuwaka.

Ikishindikana, marekebisho hufanywa katika rejesta, na hapa utulivu unahitajika. Mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi hufungua programu ya regedit, hufuata njia ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList, na kwanza kabisa huhifadhi nakala ya sehemu hiyo kwa kutumia chaguo la "Export". Humo ataona majina yanayoanza kwa S-1-5-21. Mara nyingi atakuta mawili yanayofanana, moja likiishia kwa .bak; hilo lenye .bak ndilo wasifu halisi, na mstari wa ProfileImagePath ulio ndani yake utathibitisha hivyo kwa kutaja folda ya mtumiaji. Lile lisilo na .bak huongezewa .old mwishoni, lenye .bak huondolewa kiambatisho hicho, kisha thamani za State na RefCount, kama zimo, huwekwa kuwa 0. Mashine ikiwashwa upya, eneokazi la zamani hurejea na kila kitu kikiwa mahali pake.

Ufunguo wa tarakimu 48

Kuna mashine ambazo hata hazifiki kwenye skrini ya kuingilia, bali husimama kwenye skrini ya buluu inayodai ufunguo wa BitLocker. BitLocker ni usimbaji fiche wa diski: kila kilichoandikwa humo hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na ufunguo huo hutunzwa na chipu ya TPM, ambayo huutoa yenyewe kila asubuhi ikiridhika kwamba mfumo wa kuwashia haujaguswa. Sasisho linapobadilisha sehemu za kuwashia bila kuitaarifu chipu ipasavyo, chipu hudhani kuna mwizi, hukataa kutoa ufunguo, na Windows humgeukia mtumiaji. Ilitokea hivyo kwa sasisho la Windows 11 KB5040442 la tarehe 9 Julai 2024, lililorekebishwa na masasisho ya tarehe 13 Agosti mwaka huohuo, na ikatokea tena Mei 2025 kwa KB5058379 la Windows 10 kwenye baadhi ya mashine zenye prosesa za Intel.

Ufunguo unaodaiwa una tarakimu 48, zilizopangwa katika makundi manane ya sita sita, na hauna uhusiano wowote na nywila wala PIN. Kwa mwenye akaunti ya Microsoft, unapatikana kwa simu katika anwani aka.ms/myrecoverykey; skrini huonyesha herufi za kitambulisho cha ufunguo, nazo zinapaswa kulinganishwa na orodha iliyomo kwenye akaunti, hasa kwa mtu mwenye kompyuta zaidi ya moja. Kwa mashine ya kazini, mwenye ufunguo ni ofisi ya TEHAMA. Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba ana sababu ya kujihadhari zaidi, kwa kuwa usimbaji uliowashwa na mmiliki wa kwanza huweza kuwa na ufunguo uliohifadhiwa kwenye akaunti ya mtu aliye ng'ambo asiyejulikana. Bila ufunguo, hakuna fundi awezaye kuyasoma yaliyomo, na anayeahidi vinginevyo hapaswi kulipwa.

Kuliondoa sasisho lenyewe

Ikiwa hakuna njia ya kuingia iliyofaulu, sasisho huondolewa kutoka nje, kupitia mazingira ya urejeshaji, ambayo ni Windows ndogo iliyofichwa kwenye diski kwa ajili ya ukarabati. Wengi hawajui kwamba yanafikika bila nywila kutoka kwenye skrini ya kuingilia: mtumiaji hushikilia Shift, hubofya alama ya kuzimia iliyo chini kulia, na kuchagua "Restart" bila kukiachia kitufe. Mashine isiyofika huko huzimwa kwa kushikilia kitufe cha umeme mara tu nembo inapotokea, na baada ya kufanya hivyo mara mbili au tatu mazingira hayo hujifungua yenyewe. Tahadhari ni kwamba hilo lisifanywe kamwe wakati skrini inaonyesha asilimia za sasisho linaloendelea. Wapo wanaolaumu bando lililokatika katikati ya upakuaji, ilhali Windows huhakiki furushi kabla ya kulisakinisha. Hatari iko kwenye umeme unaokatika wakati wa kusakinisha, na kuizima mashine kwa mkono wakati huo ni kujikatia umeme.

Ndani ya mazingira hayo huchaguliwa "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Uninstall Updates". Hapo kuna chaguo mbili: sasisho la ubora, yaani lile la kila mwezi, na sasisho la vipengele, yaani toleo jipya zima, ambalo kwa kawaida haliwezi kuondolewa baada ya siku 10 kupita. Huanzwa na la ubora. Kama hatua hiyo haikufaulu, "System Restore" huirudisha mipangilio ya mfumo kwenye tarehe ya nyuma bila kugusa nyaraka, mradi sehemu za kurudia ziliwahi kutengenezwa. Na ikiwa sasisho lilikatizwa na umeme na mashine inazunguka tu, dirisha la amri linaweza kutumiwa kufuta kazi iliyobaki nusu kwa kuandika dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions, baada ya kuhakikisha kwa amri ya dir kwamba C ndiyo diski yenye Windows, kwa kuwa humo ndani herufi za diski huweza kubadilika.

Mazingira ya urejeshaji nayo si salama daima. Sasisho KB5066835 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilifanya kibodi na kipanya vya USB vife mara tu mtumiaji alipoingia humo, ingawa vilifanya kazi ndani ya Windows yenyewe. Mashine zenye skrini ya kugusa, au kibodi ya zamani ya tundu la PS/2, au flashi ya urejeshaji, ziliweza kuendelea, na marekebisho yakaja siku sita baadaye kwa KB5070773.

Kuna pia hali ambapo sasisho lenye kosa si la Windows. Tarehe 19 Julai 2024, faili la usalama la kampuni ya CrowdStrike liliangusha takriban mashine milioni 8.5 duniani, na kuondoa sasisho la Windows kusingesaidia. Mashine ziliwashwa katika hali salama, ambamo Windows huwaka na mambo ya lazima peke yake, faili linaloanza kwa C-00000291 likafutwa kwenye folda ya CrowdStrike, na kwa kuwa nyingi zilikuwa na BitLocker, ufunguo wa tarakimu 48 ulihitajika kwanza. Hali salama hupatikana kwa "Startup Settings" na kitufe cha 4, nayo yafaa kujaribiwa kila inapodhaniwa kwamba programu ya kuzuia virusi au kiendeshi cha kadi ya picha ndicho kilichosasishwa vibaya.

Yote yakishindikana, mafaili huokolewa kabla ya kugusa jambo zito. Katika dirisha la amri la mazingira ya urejeshaji, mtumiaji huandika notepad, hufungua menyu ya "File" na kuchagua "Open", kisha huonyesha aina zote za mafaili. Kidirisha kinachotokea huonyesha diski zote, na humo folda huweza kunakiliwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kubandikwa kwenye flashi. Hapo ndipo "Reset this PC" pamoja na chaguo la "Keep my files" linapokubalika: nyaraka hubaki, lakini programu zilizosakinishwa hutoweka, pamoja na zile za uhasibu au za duka ambazo leseni zake zapaswa kuwa mkononi kabla ya kuanza.

Mtumiaji aliyefanikiwa kuingia asisahau kwamba sasisho lililoondolewa litarudi lenyewe. Katika mipangilio ya "Windows Update" kuna kitufe cha kusitisha masasisho, hadi majuma matano katika Windows 11, muda ambao kwa kawaida hutosha kusubiri toleo lililorekebishwa, nalo likitoka lisakinishwe, kwa kuwa mwanya wa usalama ulioachwa wazi ni hatari inayokua kila siku. Katika muda huohuo atengeneze akaunti ya pili ya ndani yenye mamlaka ya msimamizi na nywila yake, ambayo haitatumika kwa kazi za kila siku, na auchape ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi, pamoja na kitambulisho chake, na kuiweka karatasi hiyo nyumbani au ofisini mbali na mkoba wa kompyuta.